Hulipii Ukuta, Unalipia Miguu

Dalali alifungua kufuli, akasukuma geti la chuma, akatupisha. Fremu ya duka, chumba kitupu cha futi 10 kwa 12. Sakafu ya saruji imepasuka, soketi moja inaning'inia kwa waya, na ukutani bado kuna bango la mpangaji aliyeondoka, alikuwa akiuza makava ya simu. Kodi Sh 350,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi 6 kwa mkupuo.

Tukatoka. Tukakata kona, tukatembea hatua 64 (nilizihesabu baadaye, siku niliyorudi peke yangu), akafungua fremu ya pili. Hii ilikuwa na vigae, feni ya darini na choo cha ndani, tena kubwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Sh 120,000.

Binti wa dada yangu, anayetafuta fremu ya kushonea nguo, akanigeukia. Macho yalikuwa yameshaingia ndani na kupanga vyerehani.

"Mama mdogo, si tuchukue hii? Kule wanatuibia."

Nilikuwa naelekea kukubali. Dalali ndiye aliyetuwahi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi. "Mdogo wangu, kule hulipii ukuta. Unalipia miguu."

Akafunga geti, akadai hela yake ya kuonyesha fremu, akapanda bodaboda akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Segerea, Dar es Salaam, wiki 5 zilizopita. Tangu siku hiyo sentensi ile sijaiweka chini. Naoshea nayo vyombo, nakaa nayo kwenye daladala. Si kwa sababu ya fremu. Ni kwa sababu imenirudisha Ubungo, kwenye jambo ambalo nilidhani nimeshalizika.

Supu ya saa 10 alfajiri

Dada yangu alikuwa na banda la chakula karibu na stendi ya mabasi ya mikoani, Ubungo. Mliowahi kusafiri enzi zile mnakumbuka: basi linaondoka saa 12, ila saa 10 watu wameshajaa, mabegi vichwani, watoto mgongoni, wapiga debe wanakuvuta mkono huku na huku. Dada alikuwa ameshainjika supu ya ng'ombe tangu saa 8 usiku. Chapati, maharage, chai ya rangi yenye tangawizi.

Alikuwa anawajua wateja kwa safari zao. Wa Mwanza anakula ashibe, safari ni ndefu. Wa Morogoro anakunywa chai tu, atakula akifika. Wa Songea atafungiwa chapati mbili za njiani. Banda lile lilimsomesha huyu binti anayetafuta fremu leo, likajenga vyumba viwili Tabata, likamzika baba yetu kwa heshima.

Februari 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis. Tarehe 24 mwezi huo Rais Magufuli alizindua kituo kipya, na siku hiyohiyo lile daraja la juu la Ubungo likazinduliwa pia. Sina ugomvi na uamuzi ule. Nimekaa kwenye foleni ya Ubungo nikiwa na mgonjwa ndani ya gari, nikaona dakika 90 zinakwisha hatujavuka mataa. Jiji lilikuwa linahitaji kupumua.

Lakini wiki ile ya kwanza dada alipika sufuria ileile ya supu, na supu ikalala.

Ya pili, ikalala.

Nikaingia mimi, mdogo mtu msomi wa semina za ujasiriamali. Nikamwambia ajenge huduma kwa mteja. Nikamwambia banda limechoka, watu siku hizi wanakula kwa macho. Nikatoa Sh 300,000 za kupaka rangi, kununua meza 4 za plastiki na kuandikisha bango lenye picha ya bakuli linalotoa mvuke. Niliandika na jina lake kwa herufi kubwa. Nilijivunia bango lile.

Majirani nao walikuwa na yao. Mmoja akasema dada amefungwa biashara, aende kwa mtaalamu akafunguliwe. Mwingine akasema ni chuma ulete, hela inaingia na kutoka bila kuonekana. Kanisani wakamwekea mikono. Mama yetu akasema riziki anapanga Mungu, avumilie. Kila mmoja alikuwa na dawa, na kila dawa ilikuwa ya kumnywesha dada.

Wote tulimtazama yeye. Hakuna aliyetazama barabara.

Alishikilia miezi 8. Mtaji ukakata kabisa mwezi wa 10.

Siku tatu na daftari

Baada ya maneno ya dalali nilirudi Segerea mara tatu, na daftari na kalamu, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa aliye kati ya fremu zile mbili. Nilitaka kuona hiyo miguu.

Jioni moja, kati ya saa 12 na saa 1, mbele ya fremu mbovu walipita watu 540, na inawezekana wengine wamenipita kwa sababu walikuwa wakishuka daladala mbili kwa mpigo. Kwenye kona ya pili, yenye vigae na feni, walipita 38. Nusu yao walikuwa watoto waliotumwa dukani, na wawili walikuwa wamepotea njia.

Hatua 64 tu.

Idadi ilinishtua, lakini siku ya pili niliona kitu ambacho idadi haisemi. Asubuhi, watu waliokuwa wakienda mjini walisimama upande mmoja wa barabara. Walikuwa na haraka, shingo zimeelekea daladala inakotokea. Mtu wa namna hiyo hanunui kitambaa, hakagui kiatu. Hununua kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine unatafuta pa kujishikia: andazi, chupa ya maji, vocha. Jioni watu walewale wanashuka upande wa pili. Wamechoka, lakini sasa haraka imewatoka. Wanakumbuka nyumbani hakuna nyanya. Wanasimama kwenye dagaa, kwenye vibua vya kukaanga, kwenye mkaa wa kupima kwa kopo. Wanaangalia nguo zilizotundikwa. Wanauliza bei.

Kituo ni kimoja kwa jina, lakini ni soko mbili zinazotazamana, na kila moja ina saa zake.

Aliyenifundisha hilo ni mama mmoja mwenye meza. Asubuhi meza yake ilikuwa upande wa kwenda mjini, na juu yake maandazi na vitumbua. Saa 4 akaondoka. Saa 10 jioni nikamwona tena, meza ileile ameivusha barabara kwa msaada wa kijana wa bodaboda, na sasa juu yake mchicha, bamia, nyanya za mafungu. Nilimuuliza nani alimwonyesha. Akashangaa swali lenyewe.

"Mama, watu wakihama nawe si unahama?"

Yeye hana mkataba wa pango. Nikaandika hilo kwenye daftari bila kujua bado kwa nini linaniuma.

Nikakumbuka pia Mei 2016, mabasi ya Mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni. Daladala zikaondolewa kwenye ile njia kuu, vituo vikawekwa katikati ya barabara, na abiria wakawa wanavuka sehemu maalumu tu. Nilikuwa na duka moja la dawa ninalolipenda Morogoro Road. Kabla ya hapo nilikuwa nashuka mlangoni kwake. Baada ya hapo nikawa naliona kupitia kioo cha basi, linapita haraka, taa zake zinawaka, muuzaji amesimama. Naliona kila siku. Sikuwahi kuingia tena. Wakati huohuo Kimara Mwisho, wanaposhuka wanaounganisha kwenda Mbezi na kwingine, pakawa hapapitiki kwa wauza matunda, viatu na simu.

Yule muuza dawa hakubadilika. Dawa zake hazikuharibika. Lugha yake haikuwa mbaya.

Waliochagua kubanana

Hapo nikadhani nimeelewa: tafuta miguu, kaa mbele yake. Kisha Jumamosi moja nikaenda Kariakoo kununua chaja, na hesabu yangu ikavurugika.

Kama suala ni kuwa karibu na mteja, kwa nini wauza simu wamebanana Mtaa wa Aggrey, duka kwa duka, wanauza kitu kilekile? Kwa nini fanicha ziwe Keko, vinyago viwe Mwenge? Mtu mwenye akili si angekimbia, akafungue peke yake Mbagala ambako hana mshindani?

Mwaka 1929 mwanauchumi wa Marekani, Harold Hotelling, alionyesha kwa hesabu kwamba wauzaji wawili wa bidhaa moja kwenye mtaa mmoja huishia kusogeleana katikati badala ya kugawana mtaa nusu kwa nusu. Ni hesabu nzuri, lakini Kariakoo ina sababu yake ambayo niliiona kwa macho. Niliuliza chaja ya aina fulani. Kijana hakuwa nayo. Hakusema hana. Alisema "kaa hapo dada, naileta," akatoka mbio, akaenda duka la tatu, akarudi nayo, akaniuzia na cha juu chake. Jirani alipata bei yake, kijana akapata cha juu, mimi nikaondoka na chaja. Duka lake lilikuwa na bidhaa za mtaa mzima.

Peke yake Mbagala angekuwa na zilizo kwenye kabati lake tu.

Na mteja anakwenda Aggrey hata kabla hajajua anakwenda duka gani, kwa sababu anajua akikosa hapa atapata pale. Miguu ile haiendi kwa mtu. Inaendea mtaa. Ndiyo maana fremu za Kariakoo zina kilemba, ile hela ya mamilioni anayolipa anayeingia kwa anayetoka, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Kilemba si cha ukuta. Zamani nilikiona ni wizi. Sasa nakiona ni bei ya mazoea ya watu, na mazoea huchukua miaka kujengeka.

Fikiria soko lenyewe. Jengo alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, liliungua Julai 2021 na likafungwa kwa miaka. Niliogopa Kariakoo itakufa. Haikufa hata wiki moja. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Sikukuu, Mchikichi, watu walikuwa palepale, mabega yanagusana. Halafu nenda mwendo mfupi tu hadi Karume, kwenye Machinga Complex. Jengo la ghorofa, imara, lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, na ghorofa za juu zilikaa miaka mingi zikiwa tupu huku wenyewe wamejaa barabarani chini, juani. Watu waliwaita wakaidi. Lakini nani anapanda ngazi ghorofa ya tatu kununua soksi?

Jengo moja liliungua, miguu ikabaki. Jengo jingine likajengwa, miguu haikuja.

"Mimi nitauza mtandaoni"

Haya yote nilikuwa namsimulia binti wa dada. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama mdogo, hayo ni ya zamani. Mimi nitauza Instagram. Fremu yangu ni simu."

Nilitamani iwe kweli, kwa sababu ingekuwa habari njema kwa kila mtu aliyezaliwa mbali na barabara.

Tukakaa jioni ile tukafungua kurasa za washonaji na wauza nguo anaowafuata. Karibu kila mmoja, mstari wa kwanza chini ya jina: tupo Kariakoo, mtaa fulani na fulani, ghorofa ya kwanza. Tupo Sinza. Tupo Mwenge. Na chini yake: tunatuma mikoani. Kutuma mikoani kunafanyikaje? Kwa basi. Kifurushi kinafungwa, kinaandikwa jina na namba, kinapelekwa kwenye ofisi ya basi kabla halijaondoka. Nikamuuliza: kutoka hapa Segerea hadi Mbezi Luis na bodaboda ni shilingi ngapi, na kutoka Kariakoo mteja wa Masaki analipia usafiri shilingi ngapi? Akapiga hesabu. Kutoka Segerea, gauni la Sh 25,000 linaletwa kwa Sh 7,000. Mteja anakataa.

Nina mtoto wa rafiki yangu anayeandika programu za simu. Biashara yake yote inaingia kwenye begi la mgongoni. Anaishi Mbagala, na kila siku anapanda daladala mbili kwenda Kijitonyama, maeneo ya Sayansi, ilipo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na vijana wenzake. Nilimuuliza kwa nini asikae nyumbani. Akasema akikwama nyumbani anakwama siku nne, akikwama kule anageuka kwa aliye meza ya pembeni. Na kwamba kazi yake kubwa ya kwanza aliipata kwenye foleni ya chai. Nairobi walifanya jambo hilohilo, vijana wa teknolojia walipokusanyika Ngong Road tangu iHub, ukumbi wa kufanyia kazi pamoja, ilipofunguliwa 2010.

Hata wao wanabanana. Aggrey yao haina makabati, basi.

Fundi wa uchochoroni

Lakini kuna mtu mmoja aliyenisumbua kuliko wote, na kwa wiki mbili sikuweza kuandika makala hii kwa sababu yake.

Fundi wangu wa nguo yuko Magomeni, ndani ya uchochoro ambao bajaji haipiti. Hana bango. Mara ya kwanza ukienda utauliza watoto. Mvua ikinyesha unaruka madimbwi. Na bado wiki mbili kabla ya Idi huwezi kumpata, na ukimpata atakuambia ulete kitambaa baada ya sikukuu. Sasa huyu ana miguu ya nani? Kama eneo ndilo linaloamua, huyu mzee alitakiwa awe amefilisika tangu zamani. Na kama haliamui, basi pengine nilikuwa sahihi 2021, pengine dada kweli hakujituma vya kutosha, na mimi natafuta tu namna ya kumtetea.

Swali hilo lilinikosesha raha. Nikaenda kumuuliza mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Hapa ulianzaje anzaje?"

Akacheka. Hakuanzia hapa. Miaka 9 alikaa na cherehani yake barazani mwa duka la vitambaa, barabarani. Mteja ananunua mita 4 za kitambaa, anageuka, fundi huyo hapo. Hata kutafuta hatafuti. Wengine walikuwa hawamjui jina, walimjua kwa baraza. Alipopata uwezo na watoto wakaongezeka, akahamishia kazi nyumbani, uchochoroni. Kwa miezi mitatu alikosa karibu kila kitu. Kisha mmoja akauliza, mwingine akaelekezwa, wakaanza kuja.

"Walikuwa wameshavaa nguo zangu," akasema. "Mtu hawezi kukufuata kama hajawahi kukuona."

Nilirudi nyumbani kwa miguu hadi Manzese bila kukumbuka kupanda gari.

Kuna biashara inayopitiwa na kuna biashara inayofuatwa. Supu ya alfajiri inapitiwa. Msafiri wa Mwanza hata kama ameipenda kuliko supu zote duniani, hatateremka Mbezi kisha arudi Ubungo kuitafuta. Ana tiketi, basi linawaka. Gauni la harusi linafuatwa. Mtu atavuka jiji. Ila hata hiyo inayofuatwa lazima kwanza ipitiwe, ikae mbele ya macho ya watu mpaka ijulikane. Fundi alilipa miaka 9 ya baraza kabla uchochoro haujamlipa.

Ndiyo, mtu mwenyewe ana uzito. Wawili wakikaa kituo kimoja, mmoja atamshinda mwenzake kwa usafi, kwa ulimi, kwa kuamka mapema. Nimeliona hilo sana na silikatai. Ninalolikataa sasa ni kumpima mtu uzito huo wakati barabara imeshaondoka mbele yake.

Nilichokwenda kumwambia dada

Siku hizi dada anapikia mafundi wa gereji Tabata, chakula cha mchana, sahani 40 hivi. Si Ubungo, lakini anaishi. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamsaidia, kwa sababu kuna mambo ni rahisi kuyasema mikono ikiwa na kazi.

Nikamwambia nimekosa. Kwamba nilimletea rangi na bango wakati watu wameshahama. Kwamba nilimfanya aamini tatizo ni yeye.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mdogo wangu, mimi nilijua tangu wiki ya kwanza."

Nikanyamaza.

"Wapiga debe walinipigia simu kutoka Mbezi. Wakaniambia mama njoo, huku watu hawana pa kula. Nilikwenda nikaona."

"Sasa kwa nini hukuhama?"

"Ningehama na nini? Kodi nilikuwa nimelipa ya mwaka mzima, Januari. Mwenye eneo nilimwomba anirudishie hata nusu, akasema mkataba ni mkataba. Nilipokuja kupata hela ya kuanzia, Mbezi nafasi nzuri zilishakwisha." Akapuliza makapi. "Na wewe ulikuwa umeshaleta rangi. Ningekuambiaje?"

Kwa hiyo yeye aliona barabara. Peke yake aliiona, miezi yote ile, huku sisi tukimwekea mikono na kumchorea bakuli. Alipaka rangi banda analojua limekufa, ili asiniumize.

Na hapo ndipo maneno ya yule mama mwenye meza yaliponirudia: watu wakihama nawe si unahama? Mwenye meza anaweza. Mwenye fremu amezika mtaji wake ndani ya ukuta wa mtu mwingine, miezi 6, miezi 12 mbele, na mara nyingi ile kodi ya zuio ya asilimia 10, ya serikali, inayokatwa kwenye pango la mwenye nyumba, anaibeba yeye pia. Kituo kikihamishwa, njia ikibadilishwa, barabara ikipanuliwa, taarifa anaipata siku ileile anayoipata mpita njia. Anayelipia miguu hana hati ya miguu. Tunazungumza sana habari za mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, na ni vizuri. Sijawahi kusikia tukizungumza kwa nini mtu anayeuza chapati alazimike kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, wakati hata anayemkodisha hajui kituo cha mbele yake kitakuwepo mpaka lini. Wenye nyumba wanaokubali mwezi kwa mwezi wapo, nimekutana nao wawili. Wapangaji wao hawaondoki.

Dada akaniuliza, "Mtoto amepata wapi?"

Nikamweleza fremu zote mbili. Ya 350,000 hatuiwezi bila kumaliza hela yote ya vyerehani. Ya 120,000 ina vigae na watu 38.

Akafikiri kidogo.

"Barabarani pale, upande wa kushukia, kuna duka lolote la vitenge?"

Baraza

Lilikuwepo. Nilikuwa nimelipita siku zote tatu na daftari langu bila kuliandika, kwa sababu nilikuwa natafuta fremu.

Tulikwenda watatu Jumamosi iliyopita. Mwenye duka ni mama wa makamo, anauza vitenge na mashuka, na baraza lake lina kivuli kuanzia saa 7 mchana. Dada ndiye aliyezungumza. Alimwambia mteja akinunua kitenge akamwona fundi hapohapo, atanunua na cha pili. Yule mama akaona maana. Wakakubaliana Sh 50,000 kwa mwezi, inalipwa mwezi kwa mwezi, cherehani inalala dukani, na uzi na zipu binti atanunua kwake. Binti hakufurahi sana. Alikuwa ameota mlango wake na jina lake juu. Alikaa kwenye ngazi akaangalia daladala iliyosimama, watu wakishuka, mmoja baada ya mwingine, wanapita mbele ya magoti yake.

"Mama, ni wengi," akasema, kama mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa.

Dada hakumsikia. Alikuwa ameshamuuliza mwenye duka kituo hiki kimekaa hapa tangu lini, na kama amesikia lolote kuhusu barabara kupanuliwa. Yule mama hakuwa na uhakika. Dada alikuwa na shoga yake Kimara aliyekuwa na duka la nafaka mwaka 2017, bomoabomoa ya upanuzi wa Morogoro Road ilipopita kwenda Kiluvya, majengo ya kubomolewa yakipigwa alama ya X ukutani.

Akavuka ngazi, akazunguka ubavuni mwa duka. Nikamfuata. Nikamkuta ameinama, kiganja juu ya plasta, anapitisha mkono polepole chini ya rangi ya krimu iliyopakwa karibuni, anatafuta kama kuna alama ya X.